Bata wa Mbao Ndani ya Muswada wa Mafuriko

Celestine, uko hapo? Nimejifungia chooni kanisani.

Leo mbunge wetu kaja kuwaeleza waathirika wa mafuriko kuhusu muswada wa misaada. Kanipa mimi, msaidizi wake, kipaza sauti niwasomee. Nikasoma. Nyumba, makofi. Madaraja, makofi.

Nikafungua ukurasa unaofuata, mdomo ukatangulia akili: "Na dola milioni kumi na mbili za makumbusho ya bata wa mbao."

Bata wa mbao, Celestine. Kwa sauti.

Akasimama Bibi Odile Guidry, yule ambaye maji yalimwachia ngazi za nyumba tu. "Mheshimiwa, hao bata nao walizama?"

Hakuna aliyecheka. Alikuwa anauliza kweli.

Mbunge akajifuta jasho. "Mama, hao ni wa mbunge mwenzangu wa jimbo la mbali. Bila bata wake, yeye hatupi kura yake. Bila kura yake, hampati nyumba."

Kasema hivyo hivyo! Mbele ya watu mia mbili!

Nikajua sasa tunarushiwa viti. Bibi Odile akajibu: "Miezi minne sasa nalala kwenye gari. Mpe bata wake. Ila nisikusikie unasema tumeridhika."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe binti, usiruke kitu. Leo tunasikia yote."

Zimebaki kurasa mia tatu. Mbunge kaniomba nijifanye naumwa tumbo ili tuishie hapo.

Nanawa uso, narudi kusoma.