Taa za Ngazi na Hoja ya Kumhamisha Bibi Nesi

KAMATI YA WAPANGAJI: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

TAREHE: Jumamosi ya pili ya mwezi, kuanzia saa tisa alasiri
MAHALI: Sebuleni kwa Fundi Cherehani, ghorofa ya pili

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (dereva mstaafu wa lori), Fundi Cherehani, Fundi Umeme, Bibi Nesi (mwalikwa), Katibu, ambaye ni mtoto wa Bibi Nesi

WASIOHUDHURIA: Kinyozi (udhuru: wateja), Mwenye nyumba (hakutoa taarifa)

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kikao baada ya vitambaa kuondolewa kwenye viti. Alieleza kwamba ngazi za jengo hazina dirisha, kwamba macho ya Bibi Nesi yamefifia, na kwamba wiki iliyopita Bibi aliteleza humo akaumia nyonga. Kuhusu balbu zilizoahidiwa na mwenye nyumba, Fundi Umeme alisema ahadi za yule bwana ni za kulalia njaa. Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe.

KUMB. NA. 2/ MKANDA WA TAA ULIOUNGUZA KIFAA

Fundi Cherehani alitakiwa kueleza moshi ulioonekana ngazini siku ya Jumanne. Alisema alikuwa akijifunza kufunga mkanda wa taa ndogondogo kwenye ukingo wa kila kidato cha ngazi, ukiongozwa na kikadi cha kompyuta kinachotosha kiganjani. Kikadi ndicho kinachoziambia taa ziwake kwa rangi gani na kwa ukali gani. Kosa lake lilikuwa kuchukua umeme wa mkanda mzima kwenye kikadi chenyewe. "Nilikibebesha mzigo wa punda," alisema. "Kikaungua."

Fundi Umeme alisema kazi ya umeme ina wenyewe, na kwamba yeye hajawahi kuonekana akishona suruali za watu. Fundi Cherehani alijibu kwamba alimwomba msaada mara nyingi akaambiwa "kesho". Mwenyekiti aliwaomba wote wawili wapunguze sauti.

Fundi Cherehani aliendelea kwamba safari hii mkanda una adapta yake ya kuupa umeme, na kikadi kinatoa maagizo tu kupitia waya mmoja mwembamba. Pia amegundua kwamba mkanda una mishale, na maagizo huingilia upande mmoja tu. Mwanzo aliuunga kinyume, akakaa jioni nzima akiudhani mbovu.

KUMB. NA. 3/ HOJA YA KATIBU

Katibu alitoa hoja kwamba taa zisitishwe na Bibi Nesi ahamie kwa binti yake, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi. Alisema yeye ndiye aliyemwokota mama yake pale chini, na hataki kumwokota tena.

Bibi Nesi aliomba kusema. Alisema amewauguza watu maisha yake yote, na anamjua mtu anayeogopa akimwona. "Anayeogopa hapa si mimi," alisema. "Kwa dada yako nitapendwa, najua. Lakini nitakuwa wa kuketishwa. Hapa najua mlango wa kila mtu, na najua nani amenuna asubuhi."

Katibu alisema hofu yake si kosa. Bibi alikubali kwamba si kosa. Mwenyekiti alishauri taa zijaribiwe kwanza, ndipo hoja ipigiwe kura.

KUMB. NA. 4/ JARIBIO

Wajumbe walihamia ngazini. Taa zilipowashwa zilimetameta ovyo, nyekundu, kijani, buluu, bila mpango wowote. Fundi Cherehani alikagua viungo vyote akaviona vizima, akaketi kwenye kidato akijishika kichwa.

Fundi Umeme, aliyekuwa amekunja mikono, alisema: "Dada, waya wa hasi wa adapta hujauunganisha na ule wa hasi wa kikadi. Ziunganishe, vitu viwili hivyo vielewane." Ziliunganishwa kwa waya mfupi, na taa zote zikatulia zikawa nyeupe. Fundi Umeme aliomba ieleweke kwamba alisema hayo kwa ajili ya usalama tu.

Wajumbe walipiga makofi. Bibi Nesi alifunika macho. "Jamani, mnanimulika kama mwizi! Naona weupe tu, ngazi siioni."

Makofi yalikoma. Katibu alisema basi jambo limekwisha. Fundi Cherehani alisema halijakwisha. Alisema amehangaika na nyaya siku zote hizo, ila Bibi, mwenye macho yenyewe, hakuwahi kumuuliza. Alimketisha Bibi kwenye kiti, akafungua kompyuta yake mapajani, akawa anabadilisha rangi na kupunguza mwanga huku akiuliza, "Na hivi?" Bibi alikuwa akitikisa kichwa. Ilipofika rangi ya chungwa iliyofifia, ambayo wengine waliiona hafifu mno, Bibi aliinuka bila kuambiwa.

"Hiki hapa kidato," alisema, akionyesha kwa mguu. "Na hiki hapa."

Alianza kushuka akishika ukuta. Katibu alimfuata upesi akamshika mkono. Bibi alisimama.

"Niachie mkono, mwanangu," alisema. "Unanizibia mwanga."

Katibu aliuachia.

Bibi Nesi alishuka polepole mpaka chini. Wajumbe walisikia mlango wa mbele ukifunguka, kisha sauti yake akisalimiana na watu barabarani.

KUMB. NA. 5/ KUFUNGA

Iliazimiwa kwamba Fundi Umeme na Fundi Cherehani wafunge nyaya vizuri ukutani, kwa pamoja. Wote wawili walikubali bila kutazamana.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna hoja iliyobaki ya kupigiwa kura. Katibu, aliyekuwa bado amesimama kwenye kidato kile kile, alisema hakuna.

Wajumbe walitawanyika saa kumi na moja jioni, pale pale ngazini. Bibi Nesi alikuwa bado hajarudi.

(saini)
MWENYEKITI

(saini)
KATIBU