Fidla Peke Yake

Kikwajuni, Unguja
24 Machi 2026

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila mjukuu wako mdogo kang'oka jino na amelifunga kwenye leso, anasema halitupwi mpaka babu alione. Magoti yako vipi? Na michungwa imezaa, au bado unagombana na tumbili? Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua: ukisikia usilolipenda unasema mtandao mbovu, unakata. Barua huwezi kuikata. Isome mpaka chini, tafadhali.

Mwaka huu kanisani tuna kazi mpya ya Pasaka. Si wimbo mmoja, baba, ni dakika arubaini nzima: kwaya ya watu thelathini na wawili, fidla nne, chelo, kanuni na udi. Inaanza alfajiri, wanawake wamebeba manukato na wanaulizana nani atakayewaviringishia jiwe. Mwalimu Damas, anayetuongoza siku hizi, alitugawia karatasi mwanzo wa Kwaresima bila kusema nani katunga. Basi watu wakaanza kubahatisha. Wanaume wa besi wakasema ni padri fulani wa bara. Kina mama wa sauti ya kwanza wakashikilia kuwa ni Damas mwenyewe, anaona haya tu. Mimi nilinyamaza, na unajua kunyamaza kwangu ni ugonjwa.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Wapigaji tumewaazima kwenye klabu za taarabu, na mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja. Ramadhani klabu zinafungwa, vyombo vinatundikwa, hakuna anayegusa uzi. Kwa hiyo mwezi mzima tuliimba na mashimo. Tunaimba mistari minne, kisha kimya, Damas anahesabu kwa vidole na sisi tumemkodolea macho, kisha tunaingia tena. Jirani mmoja alimwuliza mlinzi kama umeme wetu unakatikakatika. Lakini kile kimya kilitutia hamu ya ajabu. Kila mtu alitaka kujua mle ndani mna nini.

Shimo kubwa kuliko yote lilikuwa mwisho. Wanawake wanakuta kaburi tupu, wanakimbia wakitetemeka, wala hawamwambii mtu neno. Hapo karatasi ya kwaya inakwisha. Chini yake pameandikwa kwa mkono: fidla peke yake. Noti hakuna, na ukurasa wa fidla haupo. Tuligombana wiki mbili. Wengine walimtaka Damas atunge Haleluya ya kumalizia, maana Pasaka bila Haleluya, walisema, ni pilau bila nyama. Damas akakataa. Alisema kazi ya mtu haishonwi kiraka.

Wapigaji wakaja siku ya tatu ya Idi. Kati yao alikuwamo mzee Mkadam. Usiikunje barua, baba. Amezeeka, mkono unamtetemeka mpaka upinde uguse uzi, hapo unatulia kabisa. Alipiga ukurasa wa kwanza, akaweka fidla magotini, akauliza nani aliyezitoa karatasi hizi. Nikamwomba tutoke nje.

Na wewe nakuambia kama nilivyomwambia yeye. Nadhani umeshajua tangu lile jiwe na manukato. Kazi ni yako, baba. Nilifungua lile sanduku lako la bati ulilotuachia huku. Kufuli sikuligusa, na ufunguo najua unao wewe. Nilifungua skrubu za bawaba kwa kisu cha jikoni. Tangu niko darasa la pili nilitaka kujua ni kitu gani mtu anakifungia kwa kufuli na asikitazame tena. Udadisi umenishinda. Nilinakili kila kitu, nikampa Damas, nikamwapisha asitaje jina lako mpaka wewe uridhie. Nimekukosea, na naomba radhi. Ila nilipoisoma ile sauti ya pili nililia, siwezi kukuficha.

Nyumbani nimekua nikisikia kwamba Mkadam alikuvunjia ahadi, kwamba aliona haya kuonekana kanisani na fidla. Yeye kanisimulia vingine. Anasema mliahidiana Krismasi ya mwaka wa tisini, mkila halua kwake, kwamba Pasaka atakupigia fidla, na hakuna kati yenu aliyehesabu miezi. Wewe uliitazama kalenda ya kanisa tu, na yeye kwa furaha hakutazama yoyote. Pasaka ikaangukia katikati ya Ramadhani. Alikuja kukuomba usubiri mpaka Idi ipite. Anasema ulimjibu kuwa Pasaka haimsubiri mtu, ukafunga mlango.

Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa fidla yake, akatoa karatasi imekunjwa mara nne, pembe zimeliwa na mende. Mwandiko wako. Ndio ule ukurasa wa mwisho. Kila mwaka baada ya Idi huupiga mara moja chumbani kwake, ili mkono usisahau. Miaka thelathini na mitano, baba.

Nilimsihi anipigie, japo mistari miwili. Akakataa. Anasema ataupiga siku mwenye kazi atakapokuwa amekaa mbele yake, na kama hukuja, wanawake watakimbia, Damas atahesabu kwa vidole, na kazi itaishia hapo. Tunaimba Jumapili ya Pasaka, tarehe tano, saa kumi jioni. Jina la mtunzi kwenye karatasi za wageni tumeacha wazi.

Sikufundishi, baba. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba Pasaka si siku moja, ni siku hamsini. Nimehesabu: Idi ya mwaka ule ilikuwa ndani ya hizo hamsini. Mngeweza kuimba.

Nisalimie shangazi na majirani wote wa hapo Muheza. Nilimwuliza mzee Mkadam kama ana salamu. Akasema nikuambie kwamba mwaka huu Ramadhani imekwisha, na yeye hana udhuru. Umebaki wa kwako tu.

Ni mimi mwanao mdadisi,
Modesta

Skrubu zote nimezirudisha. Moja imepotea.