Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Siku yangu ya kwanza ya ukarani. Kituo cha Sanaa cha Mtaa — jengo la posta ya zamani. Kaunta bado ina nondo. Nimepewa dirisha la stempu. Mkurugenzi huongea huku anatembea, nami nilimfuata nyuma nikiandika. Akaniambia: bandika namba kwenye kila kitu kabla ya ufunguzi wa Ijumaa. Kila kitu — kazi za sanaa tu, au kila kitu kweli? Nilifungua mdomo. Ameshapanda gari!
Sikuuliza tena. Shangazi ndiye aliyeniombea kazi hii. Anashona hapo barazani mwaka wa kumi na tisa sasa. Siwezi kumtia aibu siku ya kwanza kwa swali la kijinga.

Jumatano, 5 Machi
Nimebandika kila kitu. Afadhali nizidishe. Vibandiko mia moja na nne, mwandiko safi. Picha za wachoraji, vinyago, kisha: "Na. 9. Ndoo. Bati. Haina mpini." (Inakinga maji ya paa.) "Na. 31. Swichi. Haiwashi." "Na. 17. Cherehani. Inatumika." Shangazi aliinua miguu ili nibandike. Na mimi je, akauliza, sistahili namba? Akacheka peke yake.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu wangu! Wageni wamezipita picha zote wakaenda kusimama mbele ya ndoo. Tone likaanguka — to! — wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye miwani mikubwa alitoa leso. Akaniuliza msanii ni nani. Nikatazama juu, nikasema: paa. Akaandika kwenye kijitabu chake: Paa.
Mkurugenzi aliitazama ndoo. Akanitazama mimi. Nikajua kazi imeota mbawa. Lakini akawageukia watu: ndoo hii inatuuliza, sisi wa mtaa huu tunakinga nini? Makofi tena! Baadaye akanishika bega. Karani, una jicho. Kuanzia leo chenye namba hakiguswi.
Hapo ndipo pa kusema ukweli. Nikasema asante.

Jumatatu, 10 Machi
Mkurugenzi ameleta kamba, tumezungushia vitu vyote. Mlango ni Na. 1: ulifungwa Ijumaa, basi haufunguliwi. Tunaingilia dirishani. (Dirisha nililisahau, ashukuriwe Mungu.)
Mvua. Paa sasa linavuja hatua mbili kushoto kwa ndoo. Ndoo haisogezwi. Nilitafuta chombo kisicho na namba jengo zima. Hakuna. Nimekinga kwa bakuli langu la chakula.
Saa nne kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaja amebeba kiti chake kichwani. "Karani, nibandikie na mimi. Au sisi wa upande ule si mtaa?" Nikambandikia, Na. 105. Mchana alikuwa ananyoa watu wamesimama, mmoja amekatwa sikio. Nyuma yake seremala na meza yake ya kurandia. Ilipofika jioni mtaa umefika Na. 140. Ukimya! Hakuna randa, hakuna nyundo.
Shangazi amekaa nje ya kamba, mikono mapajani. Sare za shule thelathini zimebaki kutiwa mikono. Nikamwambia nitaongea na Mkurugenzi.
"Utaongea lini, baba? Ukistaafu?"

Jumanne, 11 Machi
Barua kutoka halmashauri. Alhamisi anakuja mkaguzi. Swali lake ni moja tu: mtaa huu una shughuli, au umekufa? Ukiwa umekufa unabomolewa, pawe maegesho ya magari. Kituo, kinyozi, seremala, baraza ya Shangazi — vyote.
Mkurugenzi anafurahi! Mkaguzi atakuta maonyesho ya mtaa mzima! Nikataka kumwambia. Nikakohoa. Akaniletea maji.

Jumatano, 12 Machi
Sijala. Shangazi hanisemeshi. Anapitisha vidole hewani kama anayeshona.

Alhamisi, 13 Machi
Nimo stoo, naandika juu ya goti. Nimesema nakuja kutafuta daftari la vibandiko. Daftari ninalo kwapani.
Mkaguzi ni mtu mfupi, mpole, ana fomu. Aliingia dirishani bila kuuliza kitu. Akamwuliza kinyozi: unanyoa? Ah, kiti hakikaliwi, ni sanaa hiyo. Seremala, unaranda? Nirande juu ya nini, mzee? Kila jibu anatia alama palepale: Hakuna. Hakuna. Na Mkurugenzi nyuma yake anatabasamu! Ukurasa umebaki mstari mmoja. Baraza.
Hapo ndipo nilipokimbia.

Cherehani! Trrrr — naisikia ukutani. Shangazi amevuka kamba.
Mkurugenzi anapiga kelele: mama, unaharibu kazi ya sanaa! Na Shangazi, bila kuacha kukanyaga: "Hii ni cherehani. Mwulizeni aliyebandika. Mtoto wa kaka yangu, yumo humo stoo."
Mkaguzi anasema taratibu, namsikia neno kwa neno. Karani aje aseme. Ikiwa cherehani, ninaandika shughuli ipo. Ikiwa sanaa, ninaandika haipo, na nimemaliza.
"Karani!"

Nikisema cherehani, basi ndoo ni ndoo, swichi ni swichi mbovu, na mimi ni yule mjinga aliyeogopa kuuliza. Nikisema sanaa — Shangazi, sare thelathini, mtaa.
Nimefungua daftari. Na. 17. Neno langu mwenyewe, mwandiko safi: Inatumika.

"Karani! Umelala humo?"
Mlango wa stoo niliufunga kwa bega. Kutoka lazima nishike kitasa. Kitasa ni Na. 88, hakiguswi.
Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umeshakishika.
Trrrr. Hajaacha kushona.