Tulipoacha Kuhemea

Nkuhungu, Dodoma

Kwa kaka yangu Yotham,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu zako, wewe na wifi na watoto, na kwamba maji ya Mtera yanawapa samaki bila kuwasumbua. Sisi huku hatujambo. Gerson anakusalimu, na Gladness anakuamkia, anasema nikuambie kwamba amefaulu hesabu. Mama ni mzima wa mwili, ingawa habari yake ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, kaka, si mara moja. Kila ukipokea nilijikuta nazungumza habari za jua na vumbi, halafu naaga. Basi nimempa Meshack wa gari la samaki akuletee hii mkononi, maana kwa mdomo nimeshindwa.

Mambo yalianzia stoo. Gerson aliingia kutafuta misumari, salfeti ya kunde ikamwangukia mguuni na kupasuka, fukusi wakatawanyika sakafu nzima. Akaniita. Tulisimama mlangoni tukiangalia: uwele wa Baba Mdogo kutoka Itiso, mahindi, karanga, choroko, mlenda mkavu, ndoo ya perege wakavu uliotuletea wewe mwenyewe. Vyote vimekaa tu, nami kila Jumamosi nakwenda soko la Majengo, narudi na mchele na mikate na soseji. Gerson hakugomba, unamjua alivyo. Aliuliza tu kama nyumba hii ni ya watu wanaokula au ya walinzi wa ghala. Niliona aibu.

Jioni ile tukiwa mezani nikatangaza kwamba kuanzia kesho hakuna kuhemea, hakuna kutoka kwenda kutafuta chakula. Tutakula kilichomo ndani mpaka kiishe. Nilisema kwa kucheka. Gladness akanuna kwa ajili ya soseji zake. Mama alikuwa ameshika tonge. Akauliza, "Hakuna kuhemea? Imefika huko?" Nikamwambia la, Mama, chakula kimejaa, ndiyo maana hatununui. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayefichwa msiba, akalirudisha tonge kwenye sahani.

Mwanzoni nilifurahi, sikufichi. Nilipepeta kunde, nikazianika, tukazila. Ugali wa uwele niliouacha tangu niolewe ulirudi mezani, na mlenda wenye karanga, na perege wako. Hata Gladness akaanza kuomba aongezewe. Lakini baada ya muda nikaona kitu nisichokielewa. Vitu vilipungua kuliko tulivyokula. Leo nimeacha uwele hapa, kesho umeshuka. Nikasema ni panya. Gerson akatega mtego, hatukupata hata mkia. Nikamshuku Gladness kwamba anawapelekea wenzake samaki, mtoto akalia mpaka nikajuta. Wakati huohuo Mama akawa anakonda. Anakula nusu, nusu anaifunika, anasema kuna mtu anayemwekea hiyo. Nikimuuliza ni nani, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesahau.

Ndipo siku moja, nikifagia chumbani kwake, ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda. Ilikuwa salfeti imefungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na uwele, karanga, na perege waliofungwa vizuri kwenye magazeti. Nilidhani ataona haya. Wala. Alisema ni vya safari, kwa kuwa alimwacha mtoto kwa watu na hawezi kwenda mikono mitupu. Nikamwambia kwa upole kwamba watoto wake ni Yotham na mimi, hakuna mwingine. Akanijibu, "Ninyi ni wa baadaye."

Kaka, nilichanganyikiwa. Nilisema uzee umemchukua akili. Nikampeleka hospitali. Daktari akamuuliza siku, mwezi, majina ya wajukuu, na nyumbani kwao ni wapi. Yote akajibu, tena akamsahihisha daktari kuhusu njia ya kwenda Itiso. Tulipotoka nje daktari akaniambia kwamba haoni tatizo kwenye kumbukumbu yake, huenda ni mimi tu nisiyejua anachokikumbuka. Niliondoka sijui nimshukuru au nimkasirikie.

Majibu yaliletwa na mtu ambaye sikumtegemea. Unamkumbuka Mzee Abdulkadiri, yule Mrangi mwenye duka la pembeni? Alikuja akapiga hodi asubuhi na kanzu yake, akakaa barazani, akazunguka na maneno mpaka akafika: kuna neno lolote baya alilonitamkia? Maana hajaniona dukani siku nyingi, na mkewe, Bi Shamila, ameanza kumlaumu. Nilicheka, nikamweleza habari ya stoo. Akasema kwa mtindo huo tutamfungisha duka. Tukiwa tunataniana simu yake ikalia, akazungumza Kirangi, na alipokata akaniomba radhi, akasema kesho anakwenda Busi kuzika binamu yake.

Mama akatoka chumbani bila viatu. "Busi ya Kondoa?" akauliza. Mzee akaitikia ndiyo, shikamoo. Mama hakuiitikia shikamoo. Aliketi chini, pale pale sakafuni, akaanza kusema.

Sasa nawe kaka, kama umesimama, tafadhali keti.

Kabla yako alizaliwa binti, jina lake Loisi. Ile njaa kubwa ya wakati wa kuhamia vijijini ilipoingia, Loisi alikuwa mtoto wa kukimbia na kuongea. Baba alikuwa ameondoka na ng'ombe waliobaki kutafuta malisho. Mama akamshika mtoto mkono, wakatembea na watu wengine hadi Busi kuhemea, kwa sababu huko mvua ilikuwa imenyesha kidogo. Hakuwa na kitu cha kubadilisha. Boma moja likawapokea. Mwenye boma, mama mtu mzima, akamtazama Mama, akamwambia, wewe na mtoto huyu hamtafika kwenu wote. Mwache hapa ale, chukua debe la uwele, mvua ikinyesha urudi umchukue. Mama akakubali. Anasema Loisi hakulia. Alikuwa na bakuli la ugali mkononi, alikuwa anakula.

Mvua iliponyesha Mama alirudi. Akakuta maboma matupu, watu wamehamishiwa kijiji kipya, na aliowauliza hawakuelewa Kigogo chake wala yeye Kirangi chao. Alipofika nyumbani, Baba akamkataza kwenda tena. Alisema mtu aliyekula uwele wa watu hana cha kudai. Kwa ndugu wakatangaza kwamba mtoto amekufa kwa surua. Matanga yakawekwa, kaka. Mama alikaa kwenye matanga ya mtoto wake huku akijua kwamba yu hai.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia baada ya Baba kufariki. Ndipo aliponiambia jambo ambalo nimeshindwa kukwambia kwenye simu. Alipokwenda Busi alikuwa na mimba yako. Lile debe la uwele ndilo lililokushikilia. Na safari ile aliporudi kumtafuta Loisi, wewe ulikuwa mgongoni. Mama alisema, "Yotham angejihesabia yeye deni hilo. Ningempoteza na yeye." Akaniapisha nisikwambie. Nimevunja kiapo hicho leo, na sababu utaiona.

Mzee Abdulkadiri alisikiliza kichwa kimeinama. Hakuahidi kitu. Akaenda kwenye msiba wake, akarudi, akanitumia mtu nimfuate dukani, si nyumbani. Akaniambia amempata. Yuko Busi, mama mwenye wajukuu, anaitwa Mwanamvua. Walimpa jina hilo kwa sababu mvua ilianza baada ya yeye kufika. Kwenye paji la uso ana alama ya Kigogo ambayo pale kijijini hana mwingine. Mzee hakuzunguka na maneno, alimweleza yote: kwamba mama yake yu hai, anaishi Dodoma, anamfungia chakula cha safari chini ya kitanda.

Yule mama alikuwa anachambua alizeti, akaendelea kuchambua. Akasema jina la Loisi analikumbuka, ila hakuna mtu wa kulitumia. Akasema chakula anacho, hakuna anayedaiwa uwele. Halafu akauliza, "Na yule aliyekuwa tumboni, alizaliwa?" Mzee akamwambia alizaliwa, ni mwanamume, anavua samaki Mtera. Akainamia tena alizeti zake, mpaka Mzee akadhani mazungumzo yamekwisha. Kisha akasema, "Mama asije kwanza. Aje yeye, nimwone."

Hivyo ndivyo alivyosema, kaka, sijaongeza wala sijapunguza. Tangu siku hiyo nayageuza maneno hayo sijui ni ya hasira au ya upendo. Mzee naye hajui. Gerson anasema mtu mwenye hasira hasemi aje. Mimi nasema anaweza. Mama sijamwambia lolote. Kila asubuhi ananiuliza kama Mzee Abdulkadiri amerudi, nami namjibu bado, huku duka lake linaonekana wazi kutoka barazani. Sitaweza kumdanganya muda mrefu, na sitaki kumjibu mpaka nijue wewe umesemaje.

Sikwambii uende. Sina uwezo wa kukutuma mahali kama hapo. Nakwambia tu kwamba tuna dada, na amekuulizia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Msalimie sana wifi, na watoto mmoja mmoja. Meshack atalala huko na kurudi. Kama huna la kuandika, mpe hata neno moja la mdomo, nitalielewa. Mungu akulinde majini na nchi kavu.

Ni mimi mdogo wako,

Hilda