Sehemu ya Baba Katika Filamu

Jumatano, 3 Juni 2009

Siku ya Mashahidi, hakuna shule. Hatimaye ile filamu imefika Nateete! Wageni walipokuja kuipiga mwaka jana, Baba alipewa kazi ya kushona magwanda ya askari. Siku moja mwigizaji hakutokea. Kwa kuwa askari wa filamu husema Kiswahili na Baba anakijua vizuri, wakamvika gwanda aliloshona mwenyewe.

Nilikwenda kibanda cha video na Anena, rafiki yangu wa dawati moja. Kwanza maandishi: hadithi hii imetokana na kisa cha kweli. Kisha — Baba! Uso wake umejaza televisheni nzima! Ni mwaka 1977, jeshi linatawala, mwalimu mmoja anakula chakula cha mchana, askari wanaingia kumchukua. Askari wenzake Baba wanapiga kelele. Baba hapigi. Anasema taratibu, "Mzee, vaa viatu." Mzee anavaa. Wanaondoka naye. Basi.

VJ Masinde, anayetufasiria filamu kwa Kiluganda kwenye maikrofoni, huongeza yake ili watu wacheke. Leo Baba alipotokea aliongeza: "Mnamwona Afande Karim wa hapa Nateete! Asubuhi anakupima suruali, jioni anakupima kaburi!" Watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Mimi pia nilicheka kidogo.

Anena hakucheka. Babu yake alichukuliwa nyumbani mwaka huo huo wa 1977. Hakurudi. Nilisahauje?

Ijumaa, 5 Juni

Shuleni wananipigia saluti. "Shamim, baba yako alichukua wangapi?" Nikasema mwaka ule Baba alikuwa na miaka minane. Khisa wa darasa letu akajibu papo hapo, "Basi ni babu yako. Nyinyi Wanubi wote mlikuwa jeshini."

Babu Marjan alikuwa jeshini, ni kweli. Alikufa kabla sijazaliwa. Baba hasemi zaidi ya hapo.

Anena amehamia dawati la nyuma.

Jumatatu, 8 Juni

Nilimngojea Mwalimu Nabangala baada ya kipindi cha Kiswahili. Nikamuuliza: filamu ikisema ni kisa cha kweli, sehemu gani ndiyo kweli? Alikaa juu ya meza akafikiri, hakunicheka. Alisema tukio huenda ni kweli, lakini maneno ya watu mara nyingi hakuna aliyeyaandika wakati ule. Mtunzi huyatunga tu. "Maneno ni ya kutungwa, Shamim. Usiyabebe."

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nikamuuliza Baba maneno yake aliyatunga nani. Hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Alisema kwenye karatasi ya wageni aliandikiwa apige kelele, "Toka nje!" Hakuweza. "Hayo mengine yalinijia tu." Uzi ukakatika. Akautia tena, ukakatika tena.

Jumanne, 9 Juni

Mwanamke aliyempa Baba kazi ya sare za shule amechukua vitambaa vyake. Amepata fundi mwingine karibu na kwake, anasema. Baba alikwenda kumwomba VJ Masinde aache lile jina la Afande. Naye: "Afande, nakutangaza bure na unalalamika!"

Filamu inaonyeshwa tena Jumapili.

Alhamisi, 11 Juni

Nimemweleza Anena yote. Kwamba Baba alikuwa mtoto. Kwamba VJ anatania. Kwamba yale maneno ya viatu yametungwa, hayakusemwa na mtu yeyote popote. Alinisikiliza mpaka mwisho! Kisha akasema atamwambia jajja, yaani bibi yake, mjane wa yule babu, maana hajalala vizuri tangu aliposimuliwa filamu.

Mfuko wangu nauweka chini. Nafasi ya Anena dawatini nimeiacha wazi.

Jumamosi, 13 Juni

Jajja yake Anena amekuja dukani kwa Baba. Mwanamke mrefu, gauni la kanisani. Anena yuko nyuma yake, hanitazami. Baba alisimama, akampa kiti. "Karibu, mama." Alidhani ameleta nguo.

Kiswahili cha Jajja ni kile cha sokoni, lakini nilielewa kila neno.

"Fundi, mimi sikuja kugombana. Mtoto ananiambia ile neno ya viatu ni ya kutunga."

"Ni mchezo tu, mama."

"Siku ile mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mtoto mgongoni. Wote walipiga kelele. Mmoja tu alisema pole pole. Mzee, vaa viatu. Mimi nilifurahi, unasikia? Nilisema, kama anavaa viatu, basi atatembea, atarudi. Hiyo neno sijaambia mtu. Hata watoto yangu. Wewe nani alikupa?"

Mguu wa Baba ulikuwa juu ya pedali ya cherehani. Nilingoja aseme yalimjia tu. Sema, Baba! Alivua futi ya kupimia shingoni akaikunja, akaikunja, mpaka ikawa ndogo kiganjani.

"Shamim, funga mlango. Kisha nendeni kule nyuma."

Tuko hapa, nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Ninaandikia gotini. Anena amekaa karibu yangu, bega lake linagusa langu. Kiti cha Baba kimekwaruza sakafu, amekisogeza karibu na Jajja.

"Baba yangu alipokuwa mgonjwa," Baba anasema, "alikuwa akirudia neno moja —"