Spéciose, Daktari Aliyeusoma Ugonjwa wa Kaka Yake

Mwaka umezunguka, Spéciose, na hapa nyumbani Kibenga, Bujumbura, bado tunaizungumzia malaria iliyokuchukua kana kwamba ni habari ya jana.

Wengine walikujua kama daktari wa magonjwa ya akili. Sisi tunajua ulikoanzia. Ulianzia kwa kaka yako Astère. Tangu ujanani, ugonjwa wa bipolaire humpandisha akakosa usingizi, akagawa hata nguo alizovaa, kisha humwangusha kitandani asitake hata uji. Majirani walisema amelogwa. Wewe ukaenda Brussels, ukawa unapiga picha za ubongo wa watu kama yeye, kabla ya dawa na baada yake, ukitafuta kinachobadilika. Ulipokuja likizo ulimwekea picha moja dirishani.

"Angalia, kaka. Hiki ni kiungo kama moyo. Kinaugua, na kinatunzwa."

Mwaka 1996 ulikuja kumzika Mama. Nchi jirani zikatangaza vikwazo dhidi ya Burundi, ndege zikakoma, utafiti wako ukabaki ng'ambo haujafika hata nusu. Hatutaficha: uliteseka. Uliuzunguka ua huu asubuhi na jioni, chakula kikipoa mezani.

"Mi nimefungwa, Maxime," ulimwambia mumeo. "Na kazi yangu inafanywa na mutu mwingine."

Hapa hapakuwa na mashine ya picha zile. Baadaye hata lithium, dawa iliyomtuliza Astère na wagonjwa uliowatibu hapa, ikaadimika, kisha ikaisha.

Ndipo Astère alipotoka mchana mmoja akiimba, akawafikia vijana waliokuwa wamefunga njia, siku zile za vita, karibu na soko la Jabe, akawaamuru wapige magoti. Wakaokota mawe. Ulifika mbio, viatu mkononi.

"We ni nani?"

"Mi ni dada yake. Uyu ni mugonjwa, apana adui. Kama munataka kumupiga, muanze na mi."

Adija, muuza vitenge ambaye hakuwahi kukuona, akaacha meza yake akaja kusimama ubavuni mwako. Mawe yakaanguka moja moja. Ulimshika Astère mkono mkarudi kwa miguu. Ulilia mlango ulipokwisha kufungwa.

Ndege na dawa ziliporudi, Brussels walikuita. Ulifunga sanduku, ukalifungua. "Nikienda, nani atawapima damu wagonjwa wangu, dawa isiwadhuru?" Hatusemi ulibaki kwa furaha. Ulibaki, na homa ikakukuta hapa.

Astère anameza dawa zake na anatengeneza redio. Tulipoandika tangazo hili tulitaka kusema tu kwamba yeye "aliugua." Akakataa. "Andikeni jina la ugonjwa wangu," akasema. "Dada yangu hakulionea haya."

Tumeliandika.

Tunaokulilia ni mumeo Maxime, binti yako Nella, kaka yako Astère, na Adija wa Jabe, ambaye sasa ni ndugu. Maadamu tunapumua, Spéciose, hutasahaulika.