Koko, ile siku nilikukanyaga mugongo

Koko,

Naandika mbio, juu Mama, binti yako, iko mu nyumba, amelala juu ya mukeka wako, ananingojea. Amerudi toka shamba ya Kailo, mugongo inamuwaka, akaniita: "Mutoto, kuya unikanyage." Nikapiga kelele, "Hapana!", mpaka majirani wakatoka inje. Mama akasema, "Ee, uko na wazimu?" Nikakimbia huku nyuma ya jiko. Koko, nitamuambia nini?

Wewe peke yako njo ulijua. Ulikufa na siri yangu, haukunisema kwa muntu.

Tangu niko mudogo ulikuwa unaniita vile koko na mujukuu wanachezaka bwana na bibi: "Bwana yangu, kuya ukanyage bibi yako." Napanda, natembea polepole ku mugongo, unaguna kwa utamu. Kila nyumba hapa Kindu wanafanya vile. Ila ile siku nilishakuwa mwanaume, ndevu iko ku kidevu, na nikapanda na miguu yote mbili! Nikasikia ka! kama kuni kavu. Ukacheka kwanza: "Bwana yangu, unakula mingi." Kisha haukusimama tena mpaka ukakufa.

Ku hopitali munganga alituonyesha picha: mifupa ya mugongo imejikunja kama kopo yenye gari imepita juu. Akasema ni osteoporoze, mifupa ilishaisha ndani tangu zamani, imebaki matundu matundu, ata kukohoa ingeweza kuivunja. Mama akalia. Mimi nikanyamaza. Koko, nilinyamaza!

Tangu tukuzike nasoma ku telefone mpaka inazimika mu mukono. Mufupa haiko jiwe, Koko! Iko nzima, kila siku inabomoka na inajijenga. Mwanamuke akiacha kuona mwezi, kubomoka inashinda. Na haiumi, njo ubaya yake. Unakumbuka ule musumari wa kutundika kitambaa chako? Ulishindwa kuufikia, nikakucheka, "Koko, unarudi mutoto." Ulikuwa unapungua mbele ya macho yangu na mimi nacheka!

Mama alinihadisia wakati ya vita, yeye akiwa mutoto. Samaki ya Lokandu haifiki tena, ndagala kidogo, tule tusamaki tudogo twa kukauka, ikipatikana unapea watoto yote, wewe unakunywa maji ya sombe, majani ya muhogo tu. Labda njo pale ilianza, labda hapana, munganga alisema sababu ni mingi. Mimi nawaza tu: mifupa Mama iko nayo, wewe njo uliikosa.

Na leo nikanyage ile mifupa ya Mama?

Nitamuambia yote, Koko. Akitaka anifukuze, anifukuze. Kisha nitamupeleka waangalie mifupa yake. Atakula ndagala nzima, na kichwa na miiba. Atatembea ku jua ya asubuhi ata akinitukana. Mizigo ya shamba nitabeba mimi.

Unisamehe. Ulale vizuri, bibi yangu. Sitapanda tena mugongo ya muntu.

Anaita tena. Naingia.

Bwana yako